Kigari cha Kwenda Wete

Kila asubuhi, gari la Abeer likishapinda kona ya msikiti, Ghaniya alitandika taulo mbili sakafuni, akaweka beseni la kijani pale jua la dirishani linapoangukia, akapasha mafuta ya nazi ndani ya kikombe cha kahawa kilichokaa kwenye bakuli la maji ya moto. Ndipo alipomvua Azzan nguo. Mtoto wa miezi saba hana haya. Alipiga miguu kama anayeendesha baiskeli, na tone la mafuta likimwangukia tumboni alicheka kwa ile sauti yake ya kukoroma ambayo, kwa imani ya Ghaniya, hakumchekea mtu mwingine duniani. Alimkanda miguu kwanza, kisha mgongo, kisha mikono, kidole kimoja kimoja, huku akimwimbia majina ya watu wote wa nyumba ile. La kwake aliliweka mwisho, ili apate kulirudia mara mbili.

Alikuwa amefika vidole vya mkono wa kushoto siku ile, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ni Abeer, mdogo wake na mama wa mtoto, aliyeondoka kwenda kazini robo saa nyuma. Viatu hajavua, mkoba begani, simu mkononi.

"Dada, tiketi zimetoka! Aflah kanitumia sasa hivi, nimegeuza gari njiani."

"Tiketi za wapi tena?"

"Unguja, halafu Pemba! Si nilikwambia bibi yake wa Wete analia kila Ijumaa, anasema atakufa hajamwona kitukuu? Wiki tatu, dada. Mimi na Azzan tunatangulia, Aflah anatufuata baada ya siku kumi, likizo yake haijaiva."

Aflah, mumewe Abeer, alifanya kazi kwenye mitambo ya gesi ya Sur. Alipanga chumba huko huko, mtaa wa Aija, na wenzake wawili, na nyumbani Ibra, kwa mama mkwe wake, alionekana kila Alkhamisi jioni kama mgeni wa heshima.

"Utasafiri peke yako na mtoto?" Ghaniya aliuliza.

"Ndiyo maana nataka kigari cha kumsukumia. Tazama, wifi yangu Maram kanitumia picha. Kigari cha safari, chepesi, unakikunja kwa mkono mmoja, unakitia begani kama mkoba. Anasema ukiwa na hiki humhitaji mtu."

Alimsogezea simu. Ghaniya hakuweza kuishika, mikono imejaa mafuta. Alikitazama kigari kwa mbali, cheusi, chembamba, kimesimama peke yake mahali peupe kama mtu anayengoja kuajiriwa.

Abeer alimbusu mtoto utosini, akageuka, na akiwa ameshafika kizingitini akasema, "Si twende sote, dada?"

"A-a, mimi niende wapi?" Ghaniya akajibu. "Nendeni nyinyi kwa salama."

"Haya," akasema Abeer, na mlango ukafungwa.

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Ghaniya alimwogesha Azzan haraka haraka, na wimbo hakuumalizia.

Inafaa nieleze, kwa sababu asiyelelewa nyumba ile anaweza kudhani kwamba alikataa. Kwa Bi Mabruka, mama yao, hakuna aliyekubali jambo mara ya kwanza. Mgeni akiambiwa akae ale, husema ameshiba, hata kama tumbo lake linasikika mpaka barazani. Hapo hushikwa mkono, huapiwa, huvuliwa buibui kwa nguvu, ndipo hukaa, na hula sahani mbili. Zawadi husukumwa nyuma na kurudishwa, husukumwa tena, mpaka karatasi yake ichanike. Kukubali papo hapo ni uroho. Bi Mabruka alikuja na desturi hiyo kutoka Unguja akiwa msichana, na katika watoto wake wote aliyeishika barabara ni Ghaniya. Utotoni alirudi na njaa kutoka harusini kwa sababu mwenye sinia alimuuliza mara moja tu. Alipokuwa na miaka ishirini na tano, mama mmoja wa Nizwa alikuja kumposea mwanawe. Ghaniya akainamisha uso, akasema bado hajawa tayari, kama anavyotakiwa kusema msichana mwenye adabu. Yule mama akanywa kahawa yake, akaaga, asirudi tena.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, fundi wa dawa mwenye diploma yake, zamu yake huanza baada ya alasiri, na asubuhi zake zote zilikuwa za Azzan. Alingoja kuulizwa mara ya pili. Jumapili hakuulizwa, wala Jumatatu. Jumanne usiku alitoa pasipoti yake chini ya nguo za baridi, akaiweka juu ya kabati la sebuleni, mahali ambapo anayepita ataiona. Alipita Abeer mara kumi. Alipokuwa akipita alikuwa akizungumza kwenye simu na Maram.

Maram hivi, Maram vile. Maram anasema kigari kizuri ni kile kinachopita kwenye njia ya ndege baina ya viti. Maram anasema kiti lazima kilale. Ghaniya alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akikatakata kitunguu, na kitunguu kilimsaidia sana wiki ile.

Jumamosi walikwenda Nizwa, kwa sababu dada huyo wa Aflah alikuwa akikaa huko na alisema kuna duka moja la huko lenye vigari vya kila aina. Abeer aliendesha, Ghaniya alikaa nyuma karibu na mtoto. Walipofika Sinaw walisimama nyuma ya pikapu iliyobeba mbuzi wawili. Mbuzi wakamtazama Azzan, na Azzan akawatazama, kwa muda mrefu, kwa heshima ya pande zote mbili. Ghaniya alicheka peke yake, halafu akafikiri: Pemba ataona ng'ombe, ataona kima, ataona mvua kubwa, na mimi nitaoneshwa kwa picha.

Maram aliwangoja mlangoni pa duka. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, mama wa watoto watatu ambao alishawazungusha Istanbul na Kuala Lumpur.

"Shikamoo, wifi mkubwa!" alimwambia Ghaniya kwa mzaha, maana walipishana miaka miwili tu. "Nipe hicho kipande cha haluwa." Na kabla hajajibiwa, Azzan alikuwa mikononi mwake, akimvuta shela na kucheka. Kucheka kwa kukoroma.

Ghaniya aliitambua sauti ile. Akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Muuzaji, mtu wa makamo asiye na haraka, aliwapangia vigari vitatu. Cha kwanza kilikunjika kirefu kama mwavuli, lakini mgongo wa kiti haukulala. Maram alikisukuma pembeni kwa ncha ya kiatu.

"Hicho cha kwenda sokoni na kurudi. Mtoto akilala humo shingo inamning'inia kama kuku."

Cha pili kilikuwa cha kijivu, kilo sita, na muuzaji alipobonyeza kitufe cha mpini kilijikunja chenyewe, kikawa mkoba. Cha tatu kilikuwa na magurudumu makubwa, kiti kama kochi, mahali pa kuweka chupa, na paa la kivuli lililoteremka mpaka miguuni. Kilo kumi na moja, na kukikunja kulitaka mikono miwili na goti.

"Sikilizeni," alisema Maram. "Uwanja wa ndege, mkono mmoja una mtoto, wa pili una pasipoti. Sasa cha kochi utakikunja kwa nini, kwa meno? Na vile vindege vya Pemba vinapima mpaka buibui ulilovaa. Chukua cha kijivu, umalize. Mtie mtoto tumwone."

Abeer alimtia Azzan ndani ya kile cha kijivu, akamfunga mkanda, akamsukuma polepole juu ya marumaru. Walipita nepi, wakapita nguo. Hawajafika kwenye rafu ya chupa, Azzan alikuwa amelala, mdomo wazi, kiganja kimefunguka.

"Mashallah, mashallah," alinong'ona Maram. "Mnaona?"

Ghaniya aliona. Yeye kumlaza mtoto huyu kulimchukua nusu saa na nyimbo tatu, na kutembea kutoka jikoni mpaka sebuleni mpaka nyayo ziwake moto. Kigari kimemlaza kabla ya rafu ya chupa. Alijua kwamba mtu huweza kumwonea wivu mtu, na hilo lilikuwa limeshampata asubuhi ile ile pale mlangoni. Hakujua kwamba huweza kukionea wivu kitu chenye magurudumu manne na kamba ya begani. Hata mashallah hakuisema. Alikuja kukumbuka baadaye, akaona haya.

"Wifi, mbona umenuna?" Maram alimgusa bega. "Hiki kigari tu, si mke mwenza!"

Abeer alicheka, hata muuzaji alicheka kwa adabu, akitazama kwingine. Ghaniya naye alicheka, lakini alichelewa kidogo. Na kicheko kilipokwisha alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, imetulia, ile sauti anayotumia kazini kueleza vijiko vya dawa:

"Hivi vyepesi vinamtikisa mtoto. Daktari mmoja wa watoto aliniambia. Chini ya mwaka mmoja uti wa mgongo bado laini, anataka kiti kizito chenye magurudumu makubwa."

Abeer alisimama. "Kweli, dada?"

"Ndivyo alivyoniambia."

"Daktari gani huyo?" Maram aliuliza. "Wangu watatu wote wamepanda vyepesi, na migongo yao wallahi kama nguzo."

"Wa kizee hivi," alisema Ghaniya. "Mwenye miwani."

Hapakuwa na daktari. Lakini Abeer aliinama, akapitisha kidole juu ya mgongo wa mtoto aliyelala, na uso wake ukajaa hofu. Nyumbani kwao neno la Ghaniya juu ya afya lilikuwa halirudiwi. Ni yeye aliyejua homa ipi ya kungoja na ipi ya kukimbilia hospitali. Abeer akamwambia muuzaji, "Nipe kile kikubwa."

Kigari kile kilijaza buti yote ya gari. Maram, akiwaaga, alimtazama Ghaniya kwa jicho moja, hakusema kitu, na kwa mtu kama Maram kutosema kitu lilikuwa jambo la kuogopwa.

Siku tano zilizofuata zingekuwa tamu kama Ghaniya angeweza kuzila bila ya kumkwama. Kizito kile hakibebwi na mtu mmoja. Abeer ataliona hilo, atageuka, atasema: dada, sitaweza peke yangu, twende. Ghaniya ataweka adabu yake mara moja tena, kidogo tu, kisha atakubali. Alimkanda Azzan kila asubuhi na kumwambia siri hiyo sikioni. Pasipoti ilikuwa bado juu ya kabati. Ilishaanza kushika vumbi, akaipangusa.

Alkhamisi alasiri ile Ghaniya alikuwa hana zamu. Aflah alikuja kutoka Sur na kifurushi cha papa mkavu cha kumpelekea bibi yake, akakiona kigari sebuleni, akapiga mluzi.

"Hiki cha mtoto au cha kuhamia nyumba?"

"Daktari wa Dada Ghaniya kasema," alijibu Abeer. "Hebu tujaribu. Nifanye kama niko uwanja wa ndege."

Basi wakapanga mito ya sebule safu mbili, ikawa njia ya ndege. Bi Mabruka, ambaye magoti hayamruhusu kusafiri lakini mchezo haumpiti, alikaa kwenye kiti cha mlangoni na kujifanya afisa.

"Pasipoti!"

"Hii hapa, afande."

"Mume wako yuko wapi?"

"Anafuata baada ya siku kumi."

"Wote husema hivyo. Pita."

Aflah alicheka mpaka akajifuta macho. Abeer alimtoa Azzan kwenye kigari, akamweka nyongani, na kwa mkono uliobaki akavuta klipu ya kwanza. Ikafunguka. Ya pili ilikuwa upande wa pili. Alizunguka, mtoto akateleza, akamrudisha. Alisukuma mpini kwa tumbo. Kigari kilikunja goti moja kama ngamia anayefikiria kukaa, kikabadili mawazo, kikasimama. Alijaribu tena, mara hii kwa mguu, na chuma kikambana kidole.

"Ai!"

Azzan alishtuka, akapiga kelele. Alilia uso umeiva, akajinyonga mikononi mwa mama yake, na kumnyooshea mikono yote miwili Ghaniya.

Ghaniya alimpokea. Mtoto alificha uso shingoni mwake, akanyamaza papo hapo. Na kwa nukta moja, huku mdogo wake ananyonya kidole kinachovimba, moyo wa Ghaniya ulifurahi kabisa. Aliusikia ukifurahi. Alitamani mtu ampige kofi.

Abeer alikaa juu ya mto, katikati ya njia ya ndege. Hakuna aliyecheka sasa.

"Siendi," alisema.

"Abeer," alisema Aflah.

"Siendi, khalas. Siwezi. Kile chepesi kitamvunja mtoto mgongo, hiki kitanivunja mimi. Mpigie bibi yako umwambie tutakwenda akishatembea."

"Akishatembea," Bi Mabruka alirudia. "Bibi wa watu ana miaka tisini na mbili."

Aflah alichukua simu, akaigeuzageuza. Alisema taratibu, bila ya kumlaumu mtu, kwamba bibi ameshahamisha kitanda chake kikae karibu na dirisha, ameshona kachandarua kadogo kwa mkono wake na macho yale, na jana alimuuliza tena kama mtoto anakula boko boko. Halafu akaanza kutafuta namba.

"Usipige," alisema Ghaniya.

Walimgeukia wote. Alikuwa amesimama na mtoto kifuani, na kwa kuwa uso wake haukuwa na pa kujificha, aliuficha nusu kwenye nywele za Azzan.

"Hakuna daktari."

"Hakuna vipi?" Abeer aliuliza.

"Hakuna mtu aliyeniambia. Nilitunga. Kile cha kijivu hakina neno, mgongo wa kiti unalala, mtoto alilala vizuri ndani yake. Maram alisema kweli. Kesho kutwa nitakwenda mwenyewe Nizwa kukibadilisha, na Maram nitamtaka radhi."

Abeer alisimama polepole. Kidole chake kilikuwa chekundu. "Dada, mimi niliogopa. Siku tano nimemtazama mgongo kila nikimbadilisha nepi. Kwa nini?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nakuuliza kwa nini."

Ghaniya alifungua mdomo. Lililotoka ni la mazoea: "Basi tu. Msinijali mimi. Nendeni kwa salama."

"Hivyo hivyo!" Abeer alipaza sauti, na machozi yakamtangulia. "Hivyo hivyo ulivyoniambia siku ile! Nikakwambia twende sote, ukasema uende wapi. Nikasema labda tumemchosha. Miezi saba anamwogesha, anamlaza, akitoka hapo anakwenda kusimama kazini mpaka usiku. Maram akaniambia, mwache dada yako apumzike, umemgeuza yaya. Nikaona haya hata kukuuliza tena, usije ukakubali kwa kunionea huruma. Nilitafuta kigari chepesi, dada, nisikubebeshe tena!"

Azzan alikuwa akivuta herini ya Ghaniya.

Bi Mabruka aliegemea kiti, akanyoosha mkono mpaka juu ya kabati, akaitwaa pasipoti. Aliifungua, akaitazama picha, akamtazama mwenyewe, kama afisa wa kweli.

"Mimi nimekaa najiuliza wiki nzima," alisema, "nani kaweka pasipoti hapa kama msahafu, anaipangusa vumbi kila siku. Sema, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufunza kukataa, sasa nakuamrisha sema."

Masikio ya Ghaniya yaliwaka. Alitazama mito iliyopangwa safu mbili, na kile kigari kikubwa kimepiga goti katikati. Safari hii hakutazama chini.

"Nilitaka kwenda," alisema. "Tangu siku ile ya mwanzo nilitaka kwenda, nikakataa kwa adabu tu, nikawa nangoja. Nilimwonea wivu Maram, nikakionea wivu hata kigari. Abeer, mimi sijachoka. Nilitaka uniulize mara ya pili."